2,147,483,647: namba inayojaza orodha za simu, ilitoka wapi na kwa nini wanahisabati waliijua kabla ya kompyuta

Mweka hazina wa SACCOS anafungua orodha ya wanachama kwenye kompyuta, anateremka kwenye safu ya simu, anakuta 2147483647. Mstari unaofuata ni hiyo hiyo. Wa tatu pia. Anashuka mpaka mwisho wa orodha: mama lishe wa Buguruni, fundi seremala wa Tandale na mwalimu wa Mbagala wote wameandikiwa simu moja. Ujumbe wa kukumbusha marejesho unatumwa na haumfikii mtu.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja anasema mfumo umedukuliwa. Mwingine anaichunguza namba, anaona kwamba tarakimu tatu za mwanzo, 214, ni msimbo wa simu wa Dallas kule Marekani, basi anahitimisha kuwa wezi wako huko. Wa tatu anaipeleka kwenye mambo ya Freemason. Na yule kijana aliyetengeneza programu, ambaye mara nyingi kosa ni lake na ni kosa dogo, anapigiwa simu usiku na kutuhumiwa wizi.

Namba hii si ya tapeli na haina siri ya giza. Ina historia ndefu na nzuri, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilikwisha kuandikwa kabla hata taa ya umeme haijavumbuliwa. Kinachowachanganya watu ni kwamba namba hii ina sifa mbili kubwa kwa wakati mmoja. Ya kwanza inahusu jinsi kompyuta inavyotunza namba. Ya pili ni ya hisabati tupu: ni namba tasa, tena tasa ya aina adimu. Ukisoma mtandaoni utakuta sifa hizi mbili zimesukwa pamoja kana kwamba moja ndiyo sababu ya nyingine. Tuzitenganishe.

Maneno machache kwanza, yale yale ya darasani. Namba nzima ni ile isiyo na sehemu: 3, 40, 700. Kigawo cha namba ni namba nyingine inayoigawa bila kubakiza kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, moja na yenyewe, kama 7 au 23. Na biti ni nafasi moja ya kuandikia ndani ya kompyuta, ambayo hubeba 0 au 1, basi.

Nafasi 31 zilizojaa

Tuisome namba yenyewe: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Kwa macho haionekani kuwa na mpangilio wowote. Mpangilio wake unajitokeza ukiiandika kwa namna ya kompyuta.

Sisi tunaandika kwa tarakimu kumi, ndiyo maana thamani ya kila nafasi ni mara kumi ya ile iliyo kulia kwake: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Kompyuta ina tarakimu mbili tu, kwa hiyo kwake thamani hukua mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Chukua nafasi tatu, uzijaze 1 zote. Unapata 1 + 2 + 4, yaani 7. Pungufu kwa moja kufika 8. Jaza nafasi nne, unapata 15, pungufu kwa moja kufika 16. Jaza tano, unapata 31. Daima jumla ni moja pungufu ya thamani ya nafasi inayofuata. Sasa jaza nafasi thelathini na moja. Unapata 2,147,483,647.

Wanahisabati huiandika kwa ufupi: 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Katika uandishi wa kompyuta ni 1 thelathini na moja zilizofuatana bila 0 hata moja.

Kwa nini 31? Kwa miaka mingi mpango wa kawaida wa kompyuta ulikuwa kuipa kila namba nzima fungu la biti 32. Biti moja, iitwayo biti ya alama, hutumika kutofautisha namba chanya na namba hasi. Zinabaki 31 za kubebea kiasi. Kwa hiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia kwenye fungu hilo ni hii tuliyo nayo. Ni ukingo wa chombo.

Chombo kikifika ukingoni nini hutokea? Ukiwa na gari kuukuu lenye mita ya kilomita ya tarakimu tano, ikifika 99999, kilomita inayofuata itasomeka 00000. Gari limezidi kwenda; nafasi za kuandikia ndizo zimekwisha. Kwenye kompyuta mambo ni hayo hayo, ila kuna tofauti moja inayoshtua zaidi. Ukiongeza 1 kwenye 2,147,483,647, ile moja ya kubeba inasogea mpaka inaangukia kwenye biti ya alama, na namba inageuka kuwa hasi: −2,147,483,648. Salio la mabilioni linageuka deni la mabilioni kwa hatua moja.

Si kila programu inafanya hivyo. Nyingine hukataa kabisa na kutoa taarifa ya kosa, na hizo ndizo zenye adabu. Nyingine hupokea namba kubwa kupita kiasi, huikata, huandika namba kubwa inayowezekana, kisha huendelea na kazi bila kumsumbua mtu. Kanzidata ya MySQL, yaani programu ya kutunza kumbukumbu, ikiwa haijawekewa masharti makali, hufanya hivi. Na hapo ndipo tunarudi kwenye orodha ya SACCOS.

Simu yako ni kubwa mno

Namba ya simu ya Tanzania inaandikwa kwa namna mbili. Ile ya kienyeji huanza na 07 au 06 na ina tarakimu kumi. Programu ikiichukua kama kiasi cha kuhesabu, ile 0 ya mwanzo hudondoka, maana sifuri mbele ya namba haina thamani. 0712 na kuendelea inakuwa milioni mia saba na kitu. Hiyo inaingia vizuri chini ya bilioni mbili. Sifuri imepotea, lakini mtu anaiona namba, anaitambua, anaongeza sifuri kichwani, kazi inaendelea. Miezi inapita.

Kisha siku moja kikundi kinataka kutuma ujumbe kwa wote kwa mpigo. Kampuni ya kutuma ujumbe inadai namba zianze na 255. Kijana anabadilisha orodha yote. Sasa 255712 na kuendelea ni tarakimu kumi na mbili, yaani bilioni mia mbili hamsini na tano na ushei, zaidi ya mara mia moja ya kile chombo kinachoweza kubeba. Programu inaikata kila namba mpaka ukingoni. Simu zote zinakuwa 2147483647.

Hii ndiyo maana watu husema, na wanasema kweli, kwamba jana ilikuwa sawa na leo imeharibika bila mtu kugusa majina wala fedha. Aliyegusa ni yule aliyeongeza 255.

Jambo ambalo napenda lieleweke mapema, kabla mtu hajalipa fundi wa pili: namba zilizokatwa namna hii hazirudi. Namba mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani, na kwenye 2147483647 hakuna alama yoyote iliyobaki ya simu iliyokuwepo. Fundi anayedai atazifungua kwa programu maalumu anakudanganya. Kinachookoa ni nakala ya akiba iliyotunzwa kabla ya mabadiliko, au fomu za karatasi. Na tiba ya kudumu ni kuitunza simu kama maandishi. Simu si kiasi. Hakuna anayejumlisha simu ya mume na ya mke apate jibu lenye maana. Vivyo hivyo namba ya kitambulisho cha NIDA, yenye tarakimu 20: ukiiandika kwenye Excel kama namba ya kawaida, programu hutunza tarakimu 15 za mwanzo kwa usahihi na kuzigeuza zinazobaki kuwa sifuri. Nimeona karani akitoa orodha ya vitambulisho iliyoishia sifuri tano kwa kila mtu, na watu wamepanga foleni wakidhani wameandikishwa upya. Safu hiyo nayo ilitakiwa iwe ya maandishi.

Fedha ni habari nyingine, kwa sababu fedha lazima zihesabiwe. Hapa shilingi yetu ina tabia inayofaa kuangaliwa. Programu nyingi za stoo na mauzo zilitengenezwa na watu waliokuwa wakiwaza dola, na kwa mwenye duka la kawaida dola bilioni mbili haziji maishani. Lakini shilingi 2,147,483,647, kwa viwango vya miaka ya karibuni, hazifiki dola milioni moja. Duka la jumla la Kariakoo linalouza vizuri linaweza kuvuka jumla hiyo kwenye mauzo ya mwaka mmoja. Programu inayohesabu kwa senti ndiyo hufika haraka zaidi: ukingo wake ni shilingi milioni 21 na ushei, fedha ya gari lililotumika. Kwa hiyo mwenye duka akiona jumla ya mwaka imeandikwa kwa alama ya kutoa ilhali kila siku aliuza, aulize kwanza kuhusu ukingo huu kabla ya kumfukuza mhasibu.

Wakubwa nao wameguswa. Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba imebidi ipanue kaunta yake, kwa sababu video moja ya msanii PSY wa Korea Kusini ilikuwa inavuka mara 2,147,483,647 za kutazamwa. Kaunta hiyo sasa hutumia fungu la biti 64, ambalo ukingo wake ni 9,223,372,036,854,775,807.

Namba ya mtawa na ya mzee asiyeona

Sasa tuiache kompyuta kabisa. Turudi nyuma mpaka karne ya 17.

Ufaransa alikuwepo mtawa aitwaye Marin Mersenne, mtu aliyeandikiana barua na wasomi wengi wa zama zake. Alivutiwa na namba za umbo lile tuliloliona: 2 kwa kipeo fulani, toa 1. Yaani 3, 7, 15, 31, 63, 127 na kuendelea. Baadhi ni tasa, baadhi si tasa. Swali lilikuwa: zipi?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni rahisi. Kipeo chenyewe kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. 15 inatokana na kipeo cha 4, na 15 ni 3 mara 5. Kwa hiyo kipeo lazima kiwe tasa. Watu wengi huishia hapo na kuamini kinyume chake pia: kwamba kipeo kikiwa tasa, basi namba nayo ni tasa. Ni kosa la kawaida, na mfano wa kulivunja si wa mbali. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047. Na 2,047 ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kipeo cha 31, namba yetu, kilikuwemo. Lakini hakutoa uthibitisho, na kwa kweli orodha ina makosa: 67 na 257 hazistahili kuwemo, na aliziacha 61, 89 na 107. Vigawo vya namba ya kipeo cha 67 vilikuja kuonyeshwa kwa namna ya kupendeza mwaka 1903 huko Marekani. Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake, akaandika ubaoni 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha hatua kwa hatua mpaka likatoka zao lililo sawa na 2 kwa kipeo cha 67 toa 1, akarudi kuketi bila kusema neno.

Namba ya kipeo cha 31 ilipata mtu wake mapema zaidi. Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Saint Petersburg nchini Urusi, alithibitisha kwamba ni tasa na kuliandika jambo hilo kwenye barua mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa karibu haoni kabisa. Alifanya hesabu nyingi kichwani na wasaidizi wakaandika.

Alifanyaje bila mashine? Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji zaidi ya hesabu za sekondari.

Njia ya mtu asiye na ujuzi ni kujaribu kuigawa namba kwa kila namba ndogo yake. Hiyo ni kazi ya majaribio bilioni mbili. Lakini namba ikiwa na vigawo viwili vinavyozidishana kuitoa, haviwezi vyote kuzidi kipeuo chake cha pili, la sivyo zao lingekuwa kubwa mno. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kitu. Basi tumeshaacha mabilioni, tumebaki na elfu arobaini na sita. Tena haina haja ya kujaribu namba zote hizo, tasa peke yake zinatosha, na tasa zilizo chini ya 46,341 zinakaribia 4,800. Bado ni nyingi kwa mzee asiyeona.

Hapo Euler akatumia siri ya umbo la namba hizi. Namba inayotokana na kipeo tasa kinachozidi 2 haikubali kigawo chochote tu. Kila kigawo chake tasa, kikigawanywa kwa mara mbili ya kipeo, lazima kibakize 1. Pia kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Usiamini tu, jaribu kwenye 2,047 yetu. Kipeo ni 11, mara mbili yake ni 22. Vigawo ni 23 na 89. Gawanya 23 kwa 22, baki 1. Gawanya 89 kwa 22, unapata mara nne, baki 1. Gawanya kwa 8: 23 inabakiza 7, na 89 inabakiza 1. Masharti yote yametimia.

Kwa kipeo cha 31, mara mbili yake ni 62. Ukiunganisha masharti hayo mawili, kigawo chochote cha 2,147,483,647 lazima, kikigawanywa kwa 248, kibakize 1 au 63. Angalia jinsi ungo ulivyo mkali. Namba ya kwanza tasa inayopita ni 311. Inayofuata haiji mpaka 1,303. Katikati yake tasa zote zimeanguka. Kutoka tasa karibu 4,800 zimebaki zisizofika mia moja. Hizo mtu mwenye subira anaweza kuzimaliza kwa mkono. Chukua 311: inaingia mara 6,905,092, inabaki 35. Haigawi. Chukua 1,303: inabaki 226. Haigawi. Ukiendelea hivyo mpaka mwisho hakuna hata moja inayoingia bila baki. Kwa hiyo namba ni tasa, na uthibitisho umekamilika.

Kutokana na namba hiyo hiyo unapata nyingine. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa vinairudisha yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila namba tasa ya Mersenne, yaani tasa ya umbo hili letu, huzaa namba kamilifu, na yetu huzaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo huenda ikawa namba kamilifu kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa haina manufaa na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Watu wamejisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne yenye kipeo cha 136,279,841, iliyopatikana na Luke Durant akishirikiana na GIMPS, mradi wa kutafuta namba hizi kwa kompyuta. Ina tarakimu 41,024,320. Ya kwetu ina kumi.

Je, ukingo wa kompyuta ulichaguliwa kwa sababu ni tasa?

Hapana, na hili ndilo fundo ambalo watu wengi hushindwa kulifungua.

Mafungu ya kompyuta yalipangwa kwa kuongezeka mara mbili: biti 8, 16, 32, 64. Toa biti moja ya alama kila mahali, unabaki na 7, 15, 31 na 63. Sasa tazama kingo zake. Kwa 7 unapata 127, ni tasa. Kwa 15 unapata 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151, si tasa. Kwa 31 unapata namba yetu, tasa. Kwa 63 unapata ile namba ndefu ya YouTube, na hiyo inagawanyika kwa 7. Waliopanga mafungu hayakuwashughulisha haya. Ilitokea tu kwamba 31 ni mojawapo ya vipeo vinavyotoa tasa. Hata ukiitumia biti ya alama kubebea kiasi, ukingo unakuwa 4,294,967,295, nayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Haikaribii utasa.

Kwa hiyo anayekwambia kwamba kompyuta zinategemea utasa wa namba hii ili zisiharibike amechanganya mambo. Wala namba hii si ufunguo wa siri za benki; hapo hutumika namba tasa zenye mamia ya tarakimu, na hii ya tarakimu kumi inaweza kuchambuliwa na simu ya mkononi kwa kufumba na kufumbua.

Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambapo utasa wake umefanya kazi ya kweli: kutengeneza namba zinazoonekana za bahati nasibu. Kanuni ni fupi. Chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki. Baki hilo ndilo namba mpya, rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807. Kisha 282,475,249. Kisha 1,622,650,073. Kisha 984,943,658. Zinaruka huku na huko kama dadu. Na kwa kuwa kigawanyo ni tasa, na 16,807 imechaguliwa vizuri, mlolongo huu hupita kila namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza kanuni hii mwaka 1988 kama kiwango cha chini cha kukubalika, na imo kwenye lugha ya programu ya C++ hadi leo. Kwa mchezo wa ludo kwenye simu inatosha. Kwa kuchezesha bahati nasibu ya fedha au kutoa namba za siri haifai hata kidogo, kwa sababu anayeijua namba moja anaijua inayofuata. Mtu akikuuzia mfumo wa droo, muulize namba zake zinatoka wapi.

Asubuhi ya Jumanne, Januari 2038

Limebaki jambo la saa. Kompyuta nyingi hutunza muda kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa. Zilizohifadhi hesabu hiyo kwenye fungu la biti 32 zitafika kwenye namba yetu tarehe 19 Januari 2038. Kwa Dar es Salaam itakuwa Jumanne, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata hesabu itageuka hasi, na mashine ambayo haikurekebishwa itasoma tarehe 13 Desemba 1901, karibu usiku wa manane, zama ambazo mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Wajerumani.

Uvumi unaosambaa kwamba intaneti yote itazima si wa kweli. Simu na kompyuta mpya kwa sehemu kubwa zinatumia biti 64 kuhesabu muda, na mfumo endeshi wa Linux umefungua njia hiyo hata kwa mashine za biti 32 tangu 2020. Hofu ya kweli iko kwenye vitu vinavyofungwa na kusahaulika: mita, mashine za lango, vidhibiti vya viwandani, programu ya zamani iliyo kwenye kompyuta ya nyuma ya kaunta.

Lakini mtu akikwambia 2038 bado ni mbali, mkumbushe mikopo. Mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano unaosainiwa leo unaisha baada ya tarehe hiyo. Programu inayopanga ratiba ya marejesho inahitaji kuandika tarehe ya mwisho leo, na kwenye MySQL aina mojawapo ya safu za muda haiwezi kuvuka sekunde ile. Hivyo kwa SACCOS inayotoa mikopo mirefu kipimo kinapatikana bila kusubiri. Tengeneza nakala ya mfumo, mbali na kumbukumbu halisi za wanachama. Fungua mkopo wa majaribio unaoishia mwaka 2045. Chapisha ratiba yake, uangalie malipo ya Februari 2038 yameandikwa tarehe gani.